Mikwaruzo ya Ubavu wa Kushoto

"Binti yangu asijue," alisema Mzee Hamdun, hata kabla hajazima injini.

Hiyo ilikuwa mara ya nne tangu Ramadhani. Absalom alichutama kando ya gurudumu la mbele. Ile plastiki nyeusi inayolizunguka gurudumu ilikuwa imekwaruzika tena, upande uleule wa kushoto, na mikwaruzo ikafuata chini ya milango mpaka nyuma. Mara hii ndani yake mlikuwa na rangi ya manjano.

"Hii ni tuktuk, mzee?"

"Ni ukuta."

"Ukuta wa manjano?"

Mzee Hamdun aligeuza uso akatazama barabarani, ambako malori yalikuwa yakiteremka kwenda bandari ya Kipevu.

Alikuwa na miaka sabini na mitatu. Zamani alikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini, na sasa alikaa Changamwe na bintiye Suad, mwalimu, na mjukuu mmoja. Gari lilikuwa la Suad. Gereji ya Absalom ilikuwa finyu, lakini mzee alikuwa amelirudisha gari kinyumenyume kati ya trela mbili bila kugusa kitu. Wazee wana siku zao nzuri, Absalom alijiambia, na siku zao mbaya.

Aliosha plastiki kwa sabuni, akaisugua kwa msasa mkavu, kisha kwa msasa laini na maji. Vumbi jeusi likamjaa kwenye kucha. Alipopuliza hewa ya moto kwa mashine yake, plastiki ililainika na weusi wake ukaanza kurudi. Kazi hiyo aliipenda. Leo mikono ilikuwa mizito.

"Mzee, mwenye tuktuk aliumia?"

"La. Alhamdulillahi, hakuumia."

"Na mjukuu wako hupanda gari hili?"

"Kila siku ya Mungu," alijibu mzee.

Adhuhuri mzee alikwenda msikitini kuswali. Absalom alibaki na kopo la rangi mkononi. Juu ya dashibodi palikuwa na kikaratasi kwa ajili ya yeyote atakayezibiwa njia na gari hilo: jina la Suad na namba yake ya simu. Alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akapiga simu.

Suad alifika kwa tuktuk, akiwa na Israa, binti yake wa miaka saba, bado na sare ya shule.

"Karibu, dada," alisema Absalom, aliyekuwa amesimama kushoto kwake.

Suad alishtuka, akageuka mzima mzima. "Ah! Wewe ndiye fundi?"

Absalom alimweleza yote, mara nne zote, na ile rangi ya manjano. Alikuwa bado anaeleza Mzee Hamdun alipotokea langoni. Mzee aliwaona, akasimama.

"Baba, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Nami nilikuwa nikijiuliza. Kila nikitaka kutoka unaniambia, 'Nipe funguo, Suad, nikupeleke mimi.' Sokoni, shuleni, hata kwa jirani, na nikikataa unapanda nami. Kumbe!" Macho yalimjaa machozi. "Na ile miadi ya daktari wa macho Jumatatu, uliyosema nikusindikize. Mbona hukuniambia ukweli?"

"Nataka kukwambia, mwanangu. Macho..."

"Najua, Baba. Uzee si aibu."

"Nisikilize, Suad. Si mimi, ni..."

"Baba, tafadhali. Mtoto anasikia."

Mzee alimtazama Israa, aliyekuwa amemshika kanzu. Kisha akamgeukia Absalom kwa uso ambao fundi hakuwahi kuuona kwa mtu mzima, uso wa mtu anayeomba na hajui aombe nini.

"Fundi, mwambie leo niendeshe mimi. Leo tu. Tukifika nyumbani nitamweleza kila kitu."

"Siwezi, mzee. Nisamehe," alisema Absalom. "Kuna mtoto ndani."

"Ndiyo," alisema mzee taratibu. "Kuna mtoto ndani."

Suad alimfungua vidole kimoja kimoja, kwa upole, akachukua funguo. Mzee hakushindana naye. Alimpandisha Israa nyuma, upande wa kulia, akamfunga mkanda, akauvuta mara mbili kuhakikisha umeshika. Kisha akaingia mbele, kushoto, akateremsha kioo na kutoa kichwa nje kidogo.

Absalom alijisikia vibaya, na pia alijisikia mwepesi. Alifanya lililopaswa kufanywa. Alitangulia langoni kuwaongoza, akasimama pembeni, kushoto kwa gari, jua likimwakia usoni, mkono juu.

Gari lilitoka taratibu. Lilimjia. Absalom alipunga mkono, kisha mikono yote miwili. Suad alikuwa ametulia usukanini, ametazama mbele. Ile plastiki nyeusi, iliyokuwa imerudi weusi wake, ililisugua pipa la maji lililokuwa langoni kwa kelele iliyomfanya fundi aruke nyuma mpaka mgongo ukagonga mabati ya uzio. Hakuwa na pa kurukia tena.

"Kulia, mwanangu," Mzee Hamdun alikuwa akisema dirishani, bila kupaza sauti, kama mtu aliyeyarudia maneno hayo siku nyingi. "Vuta kulia. Kuna mtu hapo."

"Wapi?" akauliza Suad.