Karameli ya Bakuli Moja

Mama Bernardine alikataa keki ya arusi ya mwanawe. Noella, bibi arusi, alimsogezea kipande mdomoni mbele ya ukumbi mzima, na yule mama akakaza meno, akageuza uso. Wageni wakaguna. Mpiga muziki akaongeza sauti ili kuficha aibu.

Tangu siku hiyo mambo hayakunyooka. Akija kwa Noella, mtaa wa Songo, chai hanywi. Fanta iliyofunguliwa mbele ya macho yake haigusi. Andazi analifunga kwenye kitenge, na baadaye mbuzi wa jirani ndiye anayelimaliza. Lakini ugali na samaki anakula vizuri, tena anaramba vidole.

Jirani mmoja, Eliane, ndiye aliyeyasema wazi.

"Weye hauone? Ugali munakula bote mu sahani moja. Akikufa, na weye unakufa. Lakini chai iko mu kikombe chake peke yake. Mama mukwe anasema weye iko mulozi, ila anasema bila kufungua mdomo."

"Minye nimulishe sumu juu ya nini?"

"Si unataka nyumba yake!" Eliane akacheka. "Ile ya kuvuja mabati."

Noella hakucheka. Huku Uvira, jina la mlisha sumu likishakushika halikuachi. Wateja wa mandazi yake walikuwa wameanza kupita upande wa pili wa barabara. Tena alikuwa na mimba, na mtoto angezaliwa ndani ya jina hilo.

Ndipo alipokumbuka karameli. Alijifunza kuipika alipokuwa akifanya kazi ya jikoni Bujumbura: sukari na maziwa vinapikwa mpaka vinakuwa uji mzito, bakuli linawekwa katikati ya meza, na kila mtu anachovya tunda lake. Bakuli moja, watu wote. Nani atasema lina sumu?

Alingoja mumewe Héritier arudi kutoka Baraka na mtumbwi wake wa injini wa kubeba mizigo. Jumapili akabandika sufuria kavu juu ya mbabula ya makaa na kutia sukari. Ya kwanza iliungua, ikawa nyeusi, chungu kama kwinini. Akaimwaga. Ya pili aliisimamia bila kugeuza shingo. Ikayeyuka, ikawa na rangi ya asali, halafu ya chai ya rangi. Hapo akatia siagi iliyoshushwa kutoka milima ya Bijombo, akamimina maziwa ya moto polepole. Sufuria likafoka, yeye akakoroga mpaka bega likamuuma. Mwishoni akanyunyiza chumvi kidogo. Akakata mananasi, ndizi na papai.

Mezani walikaa Mama Bernardine, binti yake Geneviève, Héritier, na Eliane aliyeitwa awe shahidi. Aliyepika ndiye anayeonja kwanza, hiyo kila mtu anaijua. Noella akachovya nanasi, akatafuna, akameza, akapanua mdomo wote waone. Héritier akala. Geneviève akala. Eliane alikula mpaka Geneviève akamchapa mkono.

"Dada, utuachilie na sisi!"

Mama Bernardine alilitazama bakuli.

"Nipatieni nanasi tupu," akasema. "Hiyo ingine minye siikule."

Nanasi lilitoka sokoni. Karameli ilitoka mkononi mwa Noella.

Héritier akasimama. "Mama, leo tunamaliza. Ao unakula, ao unatangaza mbele ya hawa watu kama bibi yangu iko mulozi. Ukitangaza, kesho ninamurudisha kwabo Kamanyola na mimba yake. Chagua."

"Usinilazimishe, mwanangu."

"Chagua, mama."

Mama Bernardine alimtazama mwanawe. Kisha akalitazama tumbo la Noella, muda mrefu. Akachukua kipande cha ndizi, akakizamisha, akala. Akazamisha kingine. Geneviève akapiga vigelegele. Machozi yakamtoka yule mama, na Noella naye akalia, akiamini kwamba sasa wamepatana.

Noella hakutaka mapatano hayo yapoe. Kila baada ya siku chache alimpelekea mama mkwe karameli nyumbani, akakaa naye mpaka aimalize. Mama Bernardine aliimaliza. Alikuwa anakula haraka, kama mtu anayemeza dawa, halafu anarudisha bakuli na kusema, "Asante, mwanangu. Umwambie Héritier nimekula." Eliane alizunguka na habari hiyo mtaa mzima, na wateja wakarudi. Mtoto alipozaliwa, alikuwa msichana. Wakampa jina la nyanya yake.

Halafu kiatu kikamchubua Mama Bernardine kidole cha mguu. Kidonda kidogo tu. Hakikupona. Kilipoanza kunuka, Héritier alimbeba mgongoni mpaka hospitali, Noella akiwa nyuma yao na mtoto.

Muuguzi alifungua kitambaa, akaangalia, akawageukia.

"Nyinyi munamulisha nini huyu mama?"

"Anakula vizuri," Noella alijibu. "Minye mwenyewe ninamupikia karameli."

Muuguzi alikifunika tena kidonda.

"Iko na ugonjwa wa sukari. Alianza kuja hapa kabla ya arusi yenu, tukamukataza kila kitu cha sukari. Alituomba tusiwaambie. Alisema Héritier akijua, atauzisha injini ya mtumbwi juu ya kumutunza."

Kidole kilikatwa kwanza. Kisha unyayo. Kisha mguu, mpaka juu ya goti. Injini iliuzwa. Mama Bernardine alizikwa kabla mvua hazijaisha.