Diski Mbovu Kuliko Zote

Mama Mihuri aliirudisha diski ya tatu mezani kwa ncha ya kidole.

"Hii nayo nzuri mno," alisema. "Huna mbaya zaidi?"

Muuzaji alimkodolea macho. Katika miaka yake yote ya kuuza vifaa vya kompyuta alishaombwa vya bei nafuu, vya mkopo, hata vya bure. Kibovu hakuwahi kuombwa.

"Mama, diski hii ya kisasa ya SSD ndiyo ya bei ya chini kuliko zote dukani, na ni ya uhakika. Ukibonyeza tu, kompyuta imewaka. Hata kikohozi hukimalizi."

Kikohozi! Mama Mihuri alihisi moyo unamshuka. Kompyuta ya ofisi ya leseni, ambako alikuwa sekretari na mtunza mihuri, ilichukua dakika arobaini kuwaka. Diski yake ya zamani ilizunguka ikiguna, na mpaka imalize kuguna hapakuwa na leseni wala barua. Katika dakika hizo yeye, mhasibu na dereva walikunywa chai, na dereva akaendelea na visa vya mama mkwe wake pale alipoishia jana. Nyumbani Mama Mihuri aliishi na watu tisa na choo kimoja, na wote tisa walimwita yeye, tangu alfajiri. Dakika arobaini zile ndizo pekee alizokuwa nazo duniani ambazo hakuna aliyemwita. Alizipenda, na hakuwa tayari kuzitoa kwa sababu ya kidude kisichozidi ukubwa wa biskuti.

Lakini makao makuu yalikuwa yameandika barua: kila ofisi ibadilishe diski kabla ya mwisho wa mwezi. Bosi wake, mtu mwenye mkono wa birika, aliisoma barua ile kwa uso wa msiba, akatoa hela kidogo ajabu.

"Kanunue mwenyewe, mama," alimwambia. "Usijichoshe kuzunguka maduka. Ya bei ya chini inatosha kabisa."

Kwa mara ya kwanza Mama Mihuri alimshukuru Mungu kwa kumpa bosi bahili. Sasa kazi ilikuwa moja tu, kupata diski itakayoguna kama ile ya zamani, au zaidi.

"Na zile kwenye boksi pale chini?" alimwuliza muuzaji.

"Zile wateja wamezirudisha. Hii inajizima yenyewe. Hii inasahau kila kitu. Hii inajikokota mpaka mwenyewe alilia hapa hapa dukani."

"Nipe hiyo ya kumliza mtu."

"Siwezi kukuuzia hiyo, mama yangu. Chukua hii nzima, nakupunguzia."

"Usinipunguzie. Nakuongezea kwenye hiyo mbovu."

"Napunguza tena!"

"Naongeza tena!"

Wateja wawili waliokuwa wakingoja zamu walisogea kutazama, maana biashara ya kwenda kinyumenyume hawakuwahi kuiona. Muuzaji alifuta jasho. Alitazama viatu vya Mama Mihuri vilivyotiwa gundi, akatazama mkoba wake ulioshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, na uso wake ukalainika. Akaichukua ile diski mbovu, akainama nayo chini ya meza, akakaa huko kitambo, kisha akainuka na kifurushi kilichozungushiwa selotepu.

"Haya, mama. Mungu akusaidie."

Mchana ule fundi wa kompyuta alikuja ofisini kuifunga. Alipokata selotepu, karatasi ilidondoka. Aliisoma kwa sauti mbele ya Mama Mihuri, mhasibu na dereva.

"Mama, shida si aibu. Nimekuwekea ile nzuri kabisa kwa hela zako hizo hizo. Usikatae riziki."

Mhasibu alimsogelea fundi.

"Huwezi kuilegeza kidogo?" mhasibu alinong'ona.

"Mimi nafunga, dada," fundi alisema. "Silegezi."

Asubuhi iliyofuata, saa mbili kamili, Mama Mihuri alibonyeza kitufe huku akiomba kimoyomoyo. Dereva alivuta kiti. "Basi mama mkwe akaingia jikoni, akafunua sufuria..." Hakufika mbali. Kabla chupa ya chai haijafunguliwa, kompyuta ilikuwa imewaka, inadai neno la siri.

"Naona imeshaamka!" alisema mzee mmoja dirishani, na foleni nzima nyuma yake ikapiga makofi.

Hapakuwa na pa kujificha. Katika dakika kumi Mama Mihuri alikuwa amechapa leseni sita, na chai yake bado imo chupani, haijaonjwa. Alitaka kulia. Kilichomfariji ni jambo moja tu: leo angalau bosi angemsifu. Alizikusanya zile leseni, akabisha hodi kwenye mlango wa bosi kwenda kutiliwa sahihi. Hakuna mtu aliyewahi kuubisha mlango ule saa mbili na dakika kumi.

Ulichukua muda kufunguka. Bosi alisimama mbele yake na soksi tu miguuni, shati nje, alama ya mto imemchora shavu zima. Nyuma yake, viti viwili vilikuwa vimeunganishwa na kutandikwa blanketi.

Alizitazama zile leseni sita. Akamtazama Mama Mihuri kwa macho ya yatima.

"Nilikupa hela za kununua takataka," alisema. "Sasa, mama, takataka yangu iko wapi?"