Neno la Adabu

Mshipi wa kuvulia ulikuwa umemzonga mume wa Mahfoudha kwenye kifundo cha mkono, na mume mwenyewe alikuwa baharini.

Walikodi mashua Matrah, Omani, wakavue nguru, maana kiangazi kilikuwa kinakwisha na nyumba bado ni tanuri. Kwao Unguja bwana huyo alikuwa kinyozi. Nguru alimjua wa mchuzi tu, tena aliyekwisha katwa vipande.

Sasa papa kamdaka nguru, nguru kamvuta kinyozi majini, na mashua imelala ubavu inakunywa maji. Kilichokuwa kikimzuia asizame ni ule mshipi, uliofungwa kwenye mashua. Ulikaza mpaka ukawa unalia kama nyuki.

Nahodha, mwenyeji wa Maskati asiyejua Kiswahili, akachomoa kisu na kukiweka juu ya mshipi. Kwanza akamtazama mke.

"Nikate?" akauliza kwa Kiarabu. Kisu kilifasiri chenyewe.

"Tafadhali!" Mahfoudha alilia, viganja kavifunua. "Tafadhali, ami, nnakuomba, tafadhali!"

"Hadhir, binti yangu," akasema nahodha, kama mtu aliyepokea amri, akakata.

Mashua ikainuka. Maji yakajifunika, yakawa laini kama shuka iliyopigwa pasi.

Mahfoudha akapiga ukelele mpaka sauti ikamkauka. Nahodha, mtu wa watu, akapangusa ubao kwa kilemba chake, akamwonesha kwa mkono akae.

"Tafadhali," akamwambia kwa upole.

Ndipo Mahfoudha alipolisikia lile neno kwa Kiarabu cha nahodha. Halikuwa la kuomba. Lilikuwa la kumruhusu mtu: haya, fanya.