Kisu cha Likwata

Likwata aliingia uani kwa mshindani wake bila kupiga hodi, nyundo mkononi. Tangu Azimio la ujamaa litangazwe, mafundi chuma hao wawili wa mtaa wa Rasbura walikuwa wakishindana nani ataunda mashine ya kubangulia korosho ili akiuzie chama cha ushirika. Na sasa kisu alichokinoa mwenyewe kilikuwa kimefungwa kwenye mashine ya yule mtu.

"Nani kakupa kisu changu?"

"Nimempa mimi," alijibu mke wa Likwata, aliyekuwa amechuchumaa kando ya mashine.

Hasira zilimpanda. "Umeniuza, mke wangu?"

"Mashine yako inakata vizuri lakini haishiki korosho. Yake inashika lakini haikati. Nyie mnanuniana, anayebangua ni mimi."

Akamwonyesha vidole. Mafuta ya maganda yalikuwa yamevichoma, ncha zake nyeusi, ngozi imebanduka, na kimoja hakikuwa tena na kucha.

Likwata aliinua nyundo. Mshindani wake alirudi nyuma, lakini mke wa Likwata hakusogea. Aliweka korosho moja kwenye mashine, akavuta mpini. Ganda likapasuka pande mbili, kiini kikaanguka kizima bila yeye kukigusa.

"Haya, vunja," alisema.

Likwata alikitazama kile kiini. Hasira haikuwa imemtoka hata kidogo. Akamgeukia yule fundi.

"Umekifunga kisu vibaya," alimfokea. "Kinacheza. Lete spana."