Maji ya Siku ya Tisa

Kazi yangu pale mjengoni ni kumwagilia zege la dari maji, asubuhi na jioni, lisije likakauka kwa pupa likapasuka. Fundi ni mwanangu. Tulikubaliana siku ishirini na moja ndipo atoe miti inayolishikilia kwa chini.

Siku ya tisa niko juu ya zege na ndoo yangu, nikamsikia chini anagonga nyundo.

"Mwanangu, siku hazijatimia."

"Natoa michache tu, mama. Mwenye nyumba ana haraka. Zege limeshakuwa jiwe hili, wewe mwaga maji."

Nikamwaga. Maji yalitulia kidogo, halafu yakajipanga mstari mwembamba kama uzi, kutoka kwenye vidole vya miguu yangu hadi ukutani, yakazama.

Chini mwanangu akacheka. "Mama, mbona wanimwagia shingoni? Nimeshaoga leo."

Zege nene shubiri nzima halipitishi maji. Niliogopa hata kuitua ndoo.

"Weka nyundo, utoke nje," nikasema polepole.

"Ngoja nimalize huu mmoja. Umebana ajabu."

Nikimwambia kuna ufa, namjua, atabaki pale chini, atainua macho autafute. Basi nikamdanganya mwanangu.

"Niko kwenye ngazi ya nje, magoti yamekataa. Njoo unishike, naanguka."

Nikasikia nyundo ikitua chini, kisha hatua zake zikielekea nje, moja, mbili, tatu. Mbele ya vidole vyangu ule uzi ukapanuka, ukawa ufa wa kuingia ukucha.