Pumzi za Subilaga

Watoto wote waliozaliwa Tukuyu mwaka ule walikuwa na ngozi ya kijani. Walijitengenezea chakula kwa mwanga, kama majani ya mgomba, na hakuna aliyenyonya. Lakini mvua iliponyesha wiki tatu mfululizo, Lusajo, binti wa Subilaga, akaanza kukonda.

Subilaga alimfungia chumbani asipigwe na baridi. Akawasha taa moja, kisha ya pili, kisha ya tatu. Akamnywesha maji kila saa. Mtoto akazidi kupungua, ndipo mama akamwita nesi.

Nesi alipoingia tu, alifungua dirisha.

"Mama Lusajo, mwanga unatosha, maji yanatosha, joto pia. Kinachopungua ni hewa, ile tunayoitoa sisi tukipumua. Ndiyo anayotengenezea sukari, na humu ameimaliza. Hata ukiwasha taa kumi, hatapata zaidi."

"Na baridi je, nesi? Haitamdhoofisha?"

"Itamdhoofisha. Basi funga, ukae naye umpumulie."

Subilaga akakaa. Alimpumulia mgongoni tangu asubuhi hadi jioni, akiinuka mara chache tu, na kila akiinuka mtoto alilia. Siku ya nne mizani ilionyesha mtoto ameongezeka gramu mia mbili. Subilaga alicheka peke yake kwa furaha.

Kisha, bila kujua kwa nini, akabana pumzi kidogo aone.

Vidole vya kijani vikampapasa shavuni, vikaifikia midomo yake, vikaanza kuifungua.