Kidole cha Bunduki

"Kiungo imevunjika kabisa," daktari alimwambia Ronah, askari polisi. "Nitaifunga na waya, haitakunjika tena. Unataka kidole ibaki imenyooka ao imekunjwa?"

Kabla Ronah hajafungua mdomo, afande wake akadakia: "Kunja! Hiyo ni kidole ya bunduki."

Ronah akamkodolea macho. Si ndiye huyuhuyu aliyeubamiza mlango wa gari kwa hasira kule Bwera, huku mkono wa Ronah ungali mlangoni? Hata pole hakumpa, na leo anakipangia kidole chake kazi kama mali ya kambi!

Kilikuwa kimevimba kama ndizi mbivu. Ronah akakishika kwa mkono wa kushoto, akauma meno, akakinyoosha mpaka kikaelekea kifuani mwa afande.

"Daktari," alisema, "ifunge hivi hivi."